Diski ya Mau Narok

Wairimu,

Jumanne ya pili ya mwezi wa tano mwaka jana, saa tano na dakika kumi asubuhi, tulipoteza picha za karatasi mia mbili na kumi na nne za kura ambazo watu wa Mau Narok waligawiana mashamba, pamoja na ramani yao ya mashamba na kumbukumbu za mikutano ya miaka thelathini na mmoja. Zote zilikuwa ndani ya diski moja, diski ilikuwa juu ya meza yetu ya kazi, na ilifia mikononi mwetu. Nasema mikononi mwetu kwa sababu mpaka leo sijui niseme mikononi mwa nani. Hiyo ndiyo sababu ya barua hii.

Sasa ni saa moja jioni. Umeenda Dundori kumuaga shosho yako, na namjua mama yangu, hakuachilii kabla hujala mara mbili. Kesho gari la kukupeleka Kisumu kwenye kazi mpya linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Mambo ya sweta, ya neti ya mbu na ya kufunga mlango kwa kufuli mbili umeshaambiwa na kila mtu, hata mama mboga wa pale chini ya ngazi za duka amekufundisha namna ya kuchagua samaki, na yeye hajawahi kufika Kisumu. Mimi sitayarudia. Nina swali moja. Asubuhi ile ulisoma hali ya diski mara mbili, ukapata nambari mbili. Ya kwanza uliniambia. Ya pili uliniambia, au hukuniambia?

Pengine umeshtuka kwamba najua kuhusu hiyo ya pili. Nimeijua jana. Nitafika hapo. Kinyongo ninacho na sitakificha, lakini sehemu kubwa ya hesabu hii ni yangu, na nitaanza na yangu.

Kuhesabu nilijifunzia Kamere, karibu na Naivasha, nikiwa na miaka kumi na tisa, kwenye banda la kupakia maua. Maua ishirini kila shada. Wenzangu walikuwa wakiweka kumi na tisa au ishirini na moja wakichoka. Mimi sikukosea, na kwa sababu hiyo tu msimamizi alinitoa kwenye maji baridi akanikalisha mbele ya kompyuta, niwe naingiza idadi. Nilikuwa wa kwanza kwetu kushika kompyuta, na pia wa kwanza kwetu kuhesabu kitu kwa sauti. Guka yako, baba yangu, hakukubali mtu ahesabu ng'ombe wala watoto. Ukimuuliza ana watoto wangapi anakwambia, "Wako wa kutosha." Tulikuwa saba. Nimeandika, na asinisikie huko aliko.

Hakuna aliyenifundisha kutengeneza kompyuta. Ile ya banda ilipoharibika walikuwa wakimwita fundi kutoka Naivasha, na mimi nilisimama nyuma yake nikimshikia tochi, nikihesabu skrubu anazotoa na mahali anapozirudisha. Nilipokuja Nakuru na kufungua duka, nilikuwa najua nusu ya kazi, ile nusu nyingine nilijifunzia kwenye mali za watu. Hilo sijawahi kukwambia hivyo.

Mwaka wangu wa pili dukani, mwalimu mmoja wa Njoro aliniletea diski yenye utafiti wake wa miaka sita. Kompyuta ilikuwa haiioni kabisa. Mafundi wa mtaa huo wakaniambia dawa ni baridi, diski ikilala kwenye friza vyuma vinanywea, inaamka mara moja ya mwisho na unaokoa vitu. Wote walisema hivyo, kwa hiyo nikaamini. Nikaifunga kwa nailoni, nikaiweka kwenye friza ya jirani aliyekuwa akiuza samaki wa ziwani, kwa muda wa saa kumi na mbili kamili, nimepima. Nilipoitoa ilikuwa inatoa jasho mpaka ndani. Nikaiwasha. Ikagonga mara tatu, ikanyamaza. Siku nne baadaye, nikitafuta kitu kingine, nikajaribu ile kebo iliyokuja nayo kwenye diski nyingine. Kebo ndiyo ilikuwa imekufa. Diski ya mwalimu ilikuwa nzima, ni mimi niliyeiua kwa kuitibu ugonjwa ambao haikuwa nao.

Mwalimu nilimwambia ilikuja ikiwa imekufa. Alinishukuru kwa kujaribu.

Ile sheria yetu ilitoka kwenye friza hiyo. Hakuna kitu kinaguswa kabla hakijapimwa mwanzo hadi mwisho. Ulilelewa nayo. Ukiwa na miaka tisa ulikuwa ukiwaambia wateja kama aya ya kukariri ya kanisani, nao wanacheka, wanakuita boss. Nilikufundisha kupima kwa njia tatu. Kwanza sikio: unaweka ncha ya bisibisi juu ya diski, sikio kwenye mpini, na unasikiliza kama inazunguka bila kukwaruza. Pili kipimo kifupi: unaiuliza diski yenyewe, maana inajiwekea hesabu ya sehemu ilizoshindwa kusoma, na inakujibu kwa nambari. Tatu kipimo kirefu, ile safari ya saa tatu au nne ambapo kila sehemu inasomwa, ya kwanza mpaka ya mwisho. Na kila nambari inaandikwa kwenye tepu ya karatasi pamoja na saa, inabandikwa. Niliona fahari na tepu zile. Duka la jirani wanakisia, sisi tunasoma.

Sheria hiyo iliniokoa miaka kumi na miwili. Nilisahau kwamba niliitunga kwa sababu ya diski nzima. Sikuwahi kujiuliza itafanya nini ikikutana na ile inayokufa.

Mzee Ndirangu, yule katibu wa kikundi chao, alikuja saa mbili na nusu na diski yake ndani ya kopo la majani chai, imezungushiwa soksi. Unamkumbuka alivyosema. "Haina shida mama, imelala tu kidogo." Kila anayeleta maiti husema imelala. Akatueleza yaliyomo: baba zao waliponunua shamba la mzungu walikaa kwenye baraza la nyumba yake, wakaweka karatasi kwenye kikapu, kila mmoja akachukua moja yenye nambari ya shamba lake. Karatasi hizo ndizo hati pekee walizokuwa nazo, kwani hati zenyewe za serikali hazijatoka mpaka leo. Zilitunzwa kwenye sanduku la bati. Mwanawe alizipiga picha zote, akaziweka kwenye diski, na msimu uliofuata sanduku likaingia maji. Walipolifungua karatasi zilikuwa zimeshikana kama chapati zilizolala. Diski ikabaki peke yake.

Nami nikamwambia aende akanywe chai, atakuta tumemaliza.

Saa mbili na dakika hamsini ulifanya kipimo kifupi. Ukaniambia, sehemu ishirini na nne zimeshindwa kusomeka. Nikasema sawa. Ukaniuliza, na haya maneno nayakumbuka yalivyo, "Mami, si tukopi kwanza?"

"Tukopi nini na hatujapima? Weka ile ndefu."

"Inasoma polepole sana."

"Ndiyo maana tunapima."

Ulikuwa sahihi mara mbili. Diski inayosoma polepole inaomba jambo moja tu, itolewe vitu vyake kabla haijakata roho. Mimi nikaiamuru ipande mlima. Ni kama kumshika ng'ombe anayetetemeka miguu ukamtembeza mpaka Bahati na kurudi ili ujue anaumwa kiasi gani.

Saa tatu na nusu nilipaza sauti kutoka kaunta, "Umeiweka?" Ukajibu, "Naweka." Ilienda dakika mia moja, ikafika asilimia thelathini na nane, ikaanza kugonga. Unaijua sauti hiyo, hata mtu asiyejua kompyuta anageuka. Nilikuja mbio na nikazima, na haikuwaka tena.

Mzee Ndirangu alipanda ngazi na mandazi mawili kwenye karatasi, akasema ni ya huyu msichana anayefanya kazi bila kuinua kichwa. Nikamwambia mambo yameharibika. Akauliza yameharibikaje. Na mimi, mtu mzima, mwenye duka, nikamwambia, "Mtoto ameishika vibaya."

Alikutazama. Kisha akasema polepole, "Basi mtoto ameshika vibaya watu mia mbili na kumi na wanne."

Ulikuwa na bisibisi mkononi. Ukaiweka mezani. Mandazi yalikaa kaunta mpaka jioni.

Niliipeleka Nairobi kwa wale wenye chumba kisicho na vumbi. Walipoifungua walikuta kichwa cha kusomea kimekwaruza sahani mpaka imetoa unga. Hawakupata hata picha moja. Yule kijana wa huko alisema ingekopiwa asubuhi ile, ikisomwa pale inaposomeka na kuruka pale inapokwama, huenda karibu zote zingetoka. Nilikwambia wamesema haikuwa na namna. Huo ni uongo wa pili katika jambo hilohilo. Wa mwalimu nao ukiongeza, ni mitatu ninayoikumbuka. Mimi mtu wa nambari, najua hesabu hii inaelekea wapi.

Huko Mau Narok wamekuwa wakiita mashahidi. Mashamba mia moja sabini na matatu hayana ubishi. Arobaini na moja yana kesi. Shamba nambari themanini na nane ni la Mama Tabitha, yule mjane, na shemeji yake anasema kura ile ilichukuliwa na mama wa marehemu mumewe, si na marehemu mwenyewe. Mama Tabitha alikuja dukani mwezi wa tisa. Hakuja kugombana. Aliuliza tu, "Msichana mwenyewe ndiye huyu?" Ukamvutia kiti akakaa, ukamuuliza kama atakunywa chai. Mimi nilikuwa nimeinama nafungua kompyuta ambayo haikuwa na tatizo lolote. Ningeweza kusema hapo. Ilikuwa sentensi moja. Nilihesabu skrubu nane, nikazirudisha zote, naye akaaga akaenda.

Hayo ni yangu. Sasa kinyongo.

Jana nilikuwa natafuta kebo nzuri ya kukupa uende nayo. Kwenye droo ya chini nikakuta kasha la plastiki tulilovua diski ya Mzee Ndirangu kabla ya kuipima, maana Nairobi nilipeleka diski peke yake. Nikalifungua nione kama kebo iko ndani. Kwenye kifuniko, upande wa ndani, kuna tepu, kwa mwandiko wako. Saa tatu na dakika ishirini. Mia moja thelathini na sita.

Nilikaa chini. Kutoka ishirini na nne mpaka mia moja thelathini na sita ni sehemu mia moja na kumi na mbili kwa nusu saa, karibu nne kila dakika, na hapo ilikuwa bado haijapewa kazi. Hata mtu ambaye hajawahi kushika bisibisi akionyeshwa nambari hizo mbili pamoja atajua nyumba inawaka. Ulizijua dakika kumi kabla sijauliza kama umeiweka. Na ukajibu, "Naweka."

Kama ulijua na ukanyamaza, hilo linaniuma kuliko mandazi na kuliko Mzee Ndirangu. Mimi nilikuwa nikikosea peke yangu. Pale kwenye friza hapakuwa na mtu wa kuniambia. Wewe ulikuwa na mtu, na mimi nilikuwa na mtu, tuko chumba kimoja hatua sita, na diski ikafa katikati yetu. Na miezi kumi na minne hujasema hata mara moja, "Si mimi." Ungepiga kelele ningejitetea, tungegombana, ingeisha. Ulinyamaza, ukaniachia uongo wangu nile nao kila siku. Sijui kama hiyo ilikuwa heshima au adhabu.

Lakini nimefikiria tangu jana, na kuna mambo mawili hayaniachi.

La kwanza ni wiki tatu kabla ya diski ile. Uliniletea nambari ya pili ya laptop ya yule bwana wa maziwa, duka limejaa. Nikakwambia mbele ya watu, "Wewe ukikamua ng'ombe, unarudi kukamua tena baada ya nusu saa?" Wakacheka. Mmoja akakuita daktari wa pili. Jina lilikukaa mwezi mzima, na mimi nililitumia pia, nikidhani ni mzaha. Nambari yako siku hiyo ilikuwa imepanda kutoka tatu mpaka tisa. Sikuiangalia wakati ule. Kwa hiyo kama ulijifunza kwamba nambari ya pili haitakiwi katika duka hili, najua mwalimu alikuwa nani.

La pili ndilo gumu. Baada ya saa tatu na dakika ishirini na kabla ya saa tatu na nusu, ulikuja kaunta. Hilo nakumbuka. Nilikuwa nabishana na mwanamume mmoja wa printa, ananiambia nimemwekea wino wa bandia. Ulisimama mkono wangu wa kushoto, umevaa sweta ya kijani, na kidole chako kilikuwa kimeshika kipande cha tepu. Ulifungua mdomo. Kuanzia hapo sina kitu. Nakumbuka kila neno la mtu wa printa, nakumbuka hata bei aliyoitaja, lakini sauti yako haipo. Nimejaribu usiku wote wa jana na leo mchana. Sijui kama ulisema na mimi nikakupungia mkono urudi kazini, au uliniangalia ninavyogombana ukaamua kurudi.

Huko Kisumu utakuwa na diski kumi na mbili za hospitali, na majina ya wagonjwa ndani yake. Kazi sasa unaijua kuliko mimi, na nasema hivyo bila uchungu. Nakuongezea tu kile nilichokilipia. Ile sheria yangu ya kupima kwanza, iache hapa Nakuru. Ukiona diski imeanza kusitasita, toa kwanza vitu, vya maana mbele, pale inapokwama ruka, utarudi baadaye ikiwa bado hai. Kupima kutafuata, hata kama ni kupima maiti. Na nambari moja usiiogope wala usiiamini. Nimewahi kuona diski yenye sehemu ishirini na nne mbaya ikakaa na hizo ishirini na nne miaka mitatu, mwenyewe akaitupa ikiwa bado inafanya kazi. Inayokwambia ukweli ni tofauti kati ya ya kwanza na ya pili. Hilo ulilijua kabla yangu.

Na utakuwa na mkubwa. Atakuwa na haraka, atakuwa na wateja, na pengine atakuwa na sheria aliyoitunga siku aliyoumia. Hutakuwa na mwaka mzima wa kumsoma. Kwa hiyo ni lazima wewe mwenyewe ujue, ukisimama karibu na mtu kama mimi ukiwa na mia moja thelathini na sita mkononi, unafanya nini. Mimi sijui unafanya nini. Mimi mama yako mzazi, nimekaa nawe duka moja tangu ukiwa na miaka tisa, na hilo silijui.

Leo mchana nilimpigia simu Mzee Ndirangu. Nilimwambia ni mimi niliyetoa amri, na kwamba wewe ulitaka kukopi kwanza nikakukataza. Akasema, "Njoo useme mwenyewe. Simu haina macho." Jumapili baada ya ibada wana mkutano kwenye baraza la ile nyumba ya mzungu. Nitaenda. Nitasimama mbele yao na mbele ya Mama Tabitha, niseme lilivyokuwa. Haitamrudishia karatasi yake, hilo najua. Lakini shemeji yake amekuwa akisema kura zilipotezwa na mtoto mchezaji, kwa hiyo hata ushahidi wa wengine ni mchezo, na huo mdomo ninaweza kuufunga. Hili sikuombi ruhusa, na halitegemei jibu lako. Amri ilikuwa yangu.

Ila wataniuliza kama kulikuwa na dalili. Wazee wale wamezoea kesi, hawaachi swali hilo. Sitasema "Sijui," nimechoka na neno hilo. Kama uliniambia, nitasema msichana aliniambia kwa mdomo wake na sikumsikiliza, na hapo jina lako litakuwa limesafishwa lote, si nusu. Kama hukuniambia, nitasema dalili ilikuwepo na mimi sikuiuliza, na jina lako halitatoka kinywani mwangu. Lakini wewe na mimi tutakuwa tunajua, na utapanda gari ukijua kwamba najua, na tutaanzia hapo.

Usinifanyie huruma. Usiniambie uliniambia ili nilale vizuri, wala hukuniambia ili unibebee mzigo, maana kubeba umebeba vya kutosha. Wala usiseme "Mami, hayo yaliisha." Hayajaisha, yana kesi arobaini na moja.

Barua hii naiweka juu ya sanduku lako. Nitaamka saa kumi, nitakuwa jikoni. Sitaki ujumbe wa simu ukiwa umeshafika Kericho. Nataka uje usimame mbele yangu, radio itakuwa imezimwa na sitakuwa na mtu mwingine wa kuongea naye, uniambie kabla ya saa kumi na moja na nusu. "Nilikuambia," au "Sikukuambia." Neno moja kati ya hayo mawili, Wairimu, na nitalisikia.

Mamako